Bendi kongwe ya roki ndani ya London: O2, Wembley au Hyde Park, tiketi yako uipeleke wapi?

Kama umeshaamua kwamba lazima uwaone wazee wa roki laivu kabla hawajatundika magitaa, na unaishi London au unakuja London kiangazi, basi swali la kujiuliza mapema sio bendi gani, ni wapi. Watu wengi wanaangalia tarehe, wanaangalia bei, wanabonyeza, imeisha. Mimi nasema anza na mahali, maana bendi ile ile na nyimbo zile zile ndani ya ukumbi wa O2 na pale uwanja wa mpira wa Wembley ni usiku wa aina mbili tofauti kabisa, na bustani ya Hyde Park ni wa aina ya tatu, na ukikosea hapo hata siti yako iwe ya bei gani hutakipata kile ulichokifuata.

Na sio maneno ya kufikirika. AC/DC mwaka 2009 kwenye ziara ya Black Ice walipiga O2 mwezi wa nne, afu mwezi wa sita wakarudi London wakapiga Wembley. Rolling Stones walisherehekea miaka 50 ya bendi pale O2 Novemba 2012, wakawaita jukwaani wenzao wa zamani Bill Wyman na Mick Taylor, na Julai 2013 wakaenda kupiga Hyde Park, bustani ile ile waliyopiga bure tarehe 5 Julai 1969, siku mbili tu baada ya Brian Jones, mwanzilishi wa bendi, kufariki. Na Queen, ambao sisi watu wa Kiswahili tuna kila sababu ya kuwaita wa nyumbani maana Freddie Mercury kazaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wao wamepita kote kutatu: Hyde Park bure mwaka 1976, Wembley ya zamani 1985 na 1986, na O2 zaidi ya mara moja wakiwa na Adam Lambert, anayeimba nao sasa. Kwa hiyo ushahidi upo wa bendi moja kwenye majengo tofauti, na ukiongea na mashabiki waliokwenda kote watakwambia kitu kile kile, ni kama hawakuona shoo moja.

Ukubwa kwanza, haraka haraka. O2 ilifunguliwa 2007 ndani ya lile kuba jeupe la Millennium Dome pale North Greenwich, inabeba watu kama 20,000, na waliofungua milango tarehe 24 Juni walikuwa Bon Jovi. Wembley mpya nayo ni ya mwaka huo huo wa 2007, siti 90,000 siku ya mpira, ile ya zamani yenye minara miwili ilivunjwa 2003. Hyde Park hakuna jengo, ni majani, kila kiangazi tangu 2013 kuna mfululizo wa matamasha unaoitwa BST na siku moja inabeba watu kama 65,000.

Macho

O2 ukikaa zile siti za chini za ubavuni, bloku za 100, unamwona mtu. Sio skrini, mtu. Unaona mpiga drams anakunja uso, unaona mpiga gitaa anamtazama mwenzake kabla hawajabadilisha mwendo, unaona fundi anakimbia na gitaa lingine na mzee analivua la kwanza bila hata kugeuka kwa sababu anajua jamaa yupo. Kwa bendi ambayo watu wake wamepiga pamoja miaka 40 au 50 huo ndo utamu wenyewe, wanavyoelewana bila kusema, mmoja akiinua kichwa tu wote wanajua wimbo unaisha, na hicho kitu huwezi kukipata kwenye bendi ya vijana hata wawe wakali vipi kwa sababu bado hawajazeeka pamoja.

Wembley vitu hivyo vipo ila umbali unavila. Uwanja wa mpira ni mita 105 kwa urefu, jukwaa linakaa upande wa goli moja, kwa hiyo aliye upande wa pili juu kule bloku za 500 anamwona Angus Young, mpiga gitaa wa AC/DC, na sare zake za shule kama kijiti cha kiberiti, na usiku mzima macho yako kwenye skrini. Skrini za siku hizi ni kubwa na safi, sikatai, lakini hela uliyotoa ni ya laivu. Wembley ina raha yake ukiwa umesimama chini, nusu ya mbele ya uwanja, hapo unapata vyote viwili, unawaona wanamuziki na ukigeuka nyuma unaona ukuta wa watu mpaka juu, na kwa kweli ule ukuta wa watu unatisha vizuri.

O2 nayo ina mtego wake, leveli 4. Bloku za 400 zimesimama wima, ngazi zake ni kali, ukiwa na woga wa urefu au magoti yanasumbua usijaribu kabisa, na ukiwa mstari wa juu mwishoni umbali wenyewe unakaribia wa uwanjani ingawa upo ndani. Usinunue siti ya 400 kwa bei ya Wembley ya kusimama ukajiambia umepata kwa sababu ni O2.

Hyde Park ni bapa. Hakuna mteremko wa maana, kwa hiyo kama wewe ni mfupi na mbele yako kuna jamaa wa futi sita na kofia, imekula kwako. Na pale mbele kabisa kunakatwa maeneo ya bei ya juu, kwa hiyo hata ukifika asubuhi ukalala getini na tiketi ya kawaida bado hutakuwa mstari wa kwanza, utakuwa nyuma ya ule uzio. Hilo watu wengi wanaligundua wakishafika, kwa hiyo soma ramani ya tiketi kabla.

Masikio

Hapa ndo pana tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 kutoka jukwaani inamfikia karibu theluthi ya sekunde baada ya kupigwa. Ndo maana viwanjani wanasimamisha minara ya spika katikati na nyuma, na zile spika wanazichelewesha makusudi ili zilingane na za mbele, na ndo maana ukiwa nyuma ukiangalia skrini unaona fimbo imeshagonga drams na mlio bado haujafika. Baada ya nyimbo mbili tatu ubongo unazoea. Lakini roki yenye magitaa mawili yanayofukuzana na besi inakimbia chini yake inapoteza ukali wake pale, inakuwa nzito na pana badala ya kuwa kali, na upepo ukiamka ule mlio wa juu wa gitaa unakuja na kupotea, unakuja na kupotea. Bendi yenye mwendo wa polepole na vibwagizo vikubwa haidhuriki. Bendi ya kasi inadhurika.

O2 hakuna upepo, hakuna mvua, fundi wa sauti anajua ukumbi ukoje tangu saa ya kwanza mpaka ya mwisho, na muziki ndo kazi kubwa ya lile jengo, sio mpira. Ukikaa usawa wa meza ya mafundi wa sauti au mbele yake kidogo ubavuni, unasikia karibu kile wanachosikia wao. Juu kule 400 besi inaweza kuvimba ikafunika maneno, hilo nalo lipo. Na beba vizibo vya masikio popote utakapokwenda, vile vidogo vya mpira, havikupunguzii raha, vinaisafisha sauti na kesho yake masikio hayalii. Mkumbuke Brian Johnson wa AC/DC, mwaka 2016 madaktari walimwambia asimamishe ziara la sivyo atakuwa kiziwi kabisa, Axl Rose wa Guns N' Roses akamalizia tarehe zilizobaki. Hayo ni masikio ya mtu aliyesimama jukwaani miongo kadhaa, sawa, ila na yako ni mawili tu.

Hyde Park shida ni majirani. Kuzunguka ile bustani kuna Mayfair na mitaa mingine ya watu wenye hela zao, na baraza la Westminster linaweka kikomo cha sauti na saa ya kuzima. Kwa hiyo nyuma ya bustani unajikuta unasikia mazungumzo ya watu wanaopanga foleni ya bia kuliko gitaa. Na saa ya kuzima haina utani, tarehe 14 Julai 2012 Bruce Springsteen alikuwa hapo hapo Hyde Park, kamwita Paul McCartney jukwaani, wameshapitisha muda wa saa 4 na nusu usiku, na vipaza sauti vikazimwa wakiwa bado jukwaani. Springsteen na McCartney! Kama hao hawakuongezewa dakika 5, usitegemee bendi yako itaongezewa.

Giza, kitu ambacho watu hawakiwazi

Sisi tuliozoea jua kuzama saa 12 na nusu jioni hili linatupiga chenga. London mwezi wa sita na wa saba jua linazama saa 3 na dakika 20 hivi usiku, na hata likizama kweupe kunabaki. Bendi kubwa uwanjani inapanda kama saa 2 na kitu usiku kwa sababu lazima imalize kabla ya muda wa kuzima, maana yake nusu nzima ya shoo inapigwa mchana. Zile taa za mamilioni, moshi, leza, video nyuma ya jukwaa, vyote vimepauka, unaona jukwaa lilivyo, vyuma na nyaya. O2 giza linaingia taa zikizimwa tu, na mwezi wowote wa mwaka.

Kwa hiyo uliza, bendi yangu inategemea nini? Kama ni bendi ya maonyesho, mambo ya picha na taa na vitu vinavyojengwa jukwaani, ndani kunawafaa zaidi. Roger Waters, zamani wa Pink Floyd, alipoleta ile shoo yake ya ukuta, The Wall, O2 mwezi wa tano 2011, na usiku wa tarehe 12 mwenzake wa zamani David Gilmour akatokea juu kabisa ya ukuta na gitaa, giza lilikuwa nusu ya kazi yenyewe. Lakini kama ni bendi ya mwimbaji na watu, mchana hauwazuii kitu. Queen pale Wembley tarehe 13 Julai 1985 kwenye Live Aid, lile tamasha la hisani, walipanda kama saa 12 na dakika 40 jioni, jua bado linawaka, hawana taa zao, hawana mapambo yao, dakika 21 hivi tu, na mpaka leo ndo zile dakika ambazo watu wakiulizwa shoo bora ya roki wanazitaja. Mtoto wa Zanzibar kasimama mbele ya watu 72,000 na kipande cha mti wa maiki mkononi, anawaimbisha, wanamrudishia. Nikiiangalia ile video bado nywele zinasimama.

Sauti za wazee

Tuseme ukweli, unakwenda kumsikiliza mtu mwenye miaka 70 na zaidi akiimba nyimbo alizotunga ana miaka 25. Bendi nyingi zinashusha magitaa nusu noti ili mwimbaji afike, waimbaji wa pembeni wanaongezwa, na kuna sehemu ambazo maiki inaelekezwa kwa watu ili mzee avute pumzi. Mimi sioni kama ni ubaya. Ila majengo haya yanakutendea tofauti kwenye hilo.

O2 unasikia kila kitu, ikikwaruza unasikia, akikwepa noti ya juu unasikia, akiifikia pia unasikia na unajikuta umesimama bila kujua umesimama saa ngapi. Napenda hivyo. Sauti iliyozeeka ina habari ndani yake ambazo zile rekodi za zamani hazina, na ukikaa karibu unazipata zote. Wembley mwimbaji akichoka watu wanabeba, 80,000 wanaimba kibwagizo na hakuna anayejua nani kafikia noti na nani kaiacha. Kwa mtu anayependa nyimbo kuliko waimbaji, au anayeogopa kumwona shujaa wake akihangaika, Wembley inasitiri. AC/DC walipopiga Wembley tarehe 3 na 7 Julai 2024 Brian Johnson alikuwa na miaka 76, ile sauti yake ya kukwaruza yenyewe ni ya kupiga kelele tangu zamani, na uwanja mzima umejaa zile pembe nyekundu zinazowaka kichwani kwa watu wazima na watoto wao, hapo nani anahesabu noti, na mwisho mizinga inapigwa.

Kwenye hili la umri, kuna kitu cha uzito. Usiahirishe. Aerosmith walitangaza Agosti 2024 kwamba wanaacha ziara kwa sababu koo la Steven Tyler halikupona. Ozzy Osbourne na Black Sabbath walipiga mara ya mwisho kwao Birmingham, Villa Park, tarehe 5 Julai 2025, Ozzy amekaa kwenye kiti, na tarehe 22 mwezi huo huo akafariki. Jeff Lynne na ELO walikuwa wamalizie safari yao Hyde Park tarehe 13 Julai 2025, jamaa akaugua na shoo haikufanyika. Kwa hiyo kama bendi yako iko London mwaka huu na unajiambia utaenda ziara ijayo, ziara ijayo inaweza isiwepo. Na kwa upande wa pili, kwa sababu hawa watu ni wazee na wanaweza kuahirisha, ukitoka mbali usifunge ndege na hoteli ambazo hazirudishi hela, tiketi utarudishiwa lakini hoteli hapana.

Hela

Bei zinabadilika kila ziara kwa hiyo sitakupa orodha, nakupa jinsi ya kufikiri. Ndani kuna nafasi chache, kwa hiyo bendi ya kujaza uwanja ikiamua kupiga O2 bei inapaa. Wale Stones wa 2012 tiketi za chini kabisa zilianzia kama pauni 100 na za juu zilikuwa mara kadhaa ya hapo, magazeti yakapiga kelele, na bado ziliisha. Led Zeppelin walipoungana usiku mmoja tu O2, tarehe 10 Desemba 2007, maombi ya tiketi yalihesabiwa kwa mamilioni. Uwanjani nafasi ni nyingi, kwa hiyo nafasi ya kupata ni kubwa zaidi, ila siku hizi kuna ule mtindo wa bei kupanda kulingana na watu wanavyozigombania, Agosti 2024 tiketi za Oasis za kusimama zilizotangazwa kwa pauni 150 hivi zilikuwa zinauzwa zaidi ya 350 watu walipofika mbele ya foleni mtandaoni, mpaka mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikaanza uchunguzi. Weka kikomo chako kabla hujaingia kwenye foleni, kiandike, ukikifikia funga kompyuta.

Walanguzi waache. Na sio kwa sababu ya bei tu, tiketi sasa hivi nyingi zinakaa kwenye simu na zina jina la akaunti, mtu akikutumia picha ya tiketi hiyo sio tiketi.

Ukinibana nilinganishe kwa pauni moja moja nitasema hivi, siti ya chini ubavuni O2 inalipa hata ikiwa ghali zaidi kidogo kuliko kusimama Wembley, kusimama Wembley inalipa kuliko siti yoyote ya 500, na 500 ya Wembley na 400 ya O2 zikiwa bei sawa chukua O2. Hyde Park ya kawaida inalipa kama unapenda na bendi za kutangulia, maana pale unaingia mchana na unapata majina kadhaa kwa tiketi moja, na mara nyingi hao wa kutangulia nao ni wakongwe. Zile tiketi za mbele za Hyde Park kwa maoni yangu hazifai bei yake isipokuwa ni bendi ya maisha yako.

Kufika na kurudi nyumbani

O2 na Wembley zote ziko kwenye laini ya Jubilee, North Greenwich na Wembley Park. O2 ukitoka nje kituo kiko pale pale, foleni ipo ila inasogea, na kuna boti za mto Thames zinazopakia pembeni kama unaelekea katikati ya mji, nzuri sana usiku. Wembley watu 80,000 wanateremka njia moja, Olympic Way, wanashikiliwa kwa mafungu ili kituo kisizidiwe, jipe saa nzima. Wengi wanasahau kwamba kuna kituo cha Wembley Stadium chenye treni za Chiltern mpaka Marylebone, dakika kama 10 tu, na kuna Wembley Central pia. Ijumaa na Jumamosi Jubilee inatembea usiku kucha, siku nyingine hapana, kwa hiyo kama unakaa Reading au Milton Keynes na shoo ni Jumanne, angalia treni yako ya mwisho kabla hujanunua tiketi, sio baada, vinginevyo utaondoka wakati wanarudi jukwaani kupiga zile nyimbo mbili ulizozifuata. Hyde Park kurudi ni rahisi kuliko kote, watu wanatawanyika kwenye vituo vingi, ukitembea kidogo tu umeshapita umati.

Kote begi liwe dogo, lisizidi karatasi ya A4, na hela taslimu O2 na Wembley hazifanyi kazi, ni kadi. Wembley paa linafunika siti ila halifuniki uwanja, kwa hiyo waliosimama wananyeshewa, beba koti la mvua jepesi hata kama ni Julai. London Julai inanyesha. Kwa wenye watoto, angalia umri unaoruhusiwa kwenye tiketi za kusimama, wadogo mara nyingi wanatakiwa kukaa, na kwa mtoto O2 siti ya chini ni bora kwa mbali, anaona, hapati baridi na choo kiko karibu.

Kuna sehemu nyingine nazipitia tu. Royal Albert Hall ya tangu 1871, siti 5,000 na kitu, wakongwe wakipiga pale, kama Cream walivyoungana Mei 2005, hakuna cha kulinganisha, ukipata usiulize bei mara mbili. Uwanja wa Stratford uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki, Iron Maiden walipiga pale tarehe 28 Juni 2025 kwenye ziara ya miaka 50, karibu kabisa na Leyton walikoanzia, na kwa shabiki wa Maiden kuwaona mtaani kwao ilikuwa sababu tosha. Ila kwa bendi nyingine uwanja ule ulijengwa kwa riadha na siti ziko mbali, Wembley inaushinda.

Sasa wewe uende wapi? Kama hujawahi kuwaona na unajua ni mara moja tu, na unawapenda wenyewe, mikono yao, sauti zao, nenda O2, siti ya chini ubavuni, usitamani kusimama kule chini katikati kama wewe ni mfupi. Kama unachotaka ni kuimba mpaka koo likauke katikati ya watu wasiokujua wanaokukumbatia, na bendi yako ina vibwagizo vya kuimbwa na uwanja mzima, Wembley, kusimama, fika mapema, kaa nusu ya mbele. Kama mko kundi, wengine sio mashabiki, mnataka siku nzima na msosi na mwishoni muziki mzuri, Hyde Park, na ombeni jua. Na kama bendi yenyewe ni Queen na Adam Lambert na wameweka O2, mtu wa pwani usifikirie mara mbili, Brian May anakaa mbele peke yake na gitaa la kawaida, anaimba na ukumbi, afu Freddie anatokea kwenye skrini kumalizia naye, na hiyo inataka giza na inataka uwe karibu.

Imeisha tiketi? Usikate tamaa na usikimbilie walanguzi. Jukwaa likishafungwa na mafundi wakijua spika na kamera zimekaa wapi, siti ambazo zilikuwa zimeshikiliwa kwa ajili ya vifaa zinaachiwa zikauzwa kwa bei yake ya kawaida, mara nyingi siku chache kabla au hata siku yenyewe, na nyingi ni zile za ubavuni chini nilizokuwa nazisifia hapa. Fungua akaunti yako mapema, weka kadi, na ile wiki ya shoo angalia asubuhi na jioni, hasa mida ya saa 4 asubuhi, hasa kama unatafuta siti moja tu, maana siti moja moja zinabaki pale ambapo mbili mbili zimeshaisha.